Ngoma za Burundi

Watoto wa Uvira, wakisimama kando ya ziwa Tanganyika, huona mji wa Bujumbura ng'ambo. Ile ndiyo nchi ya Burundi, na sifa ya ngoma zake imeenea duniani. Mwaka 2014 UNESCO iliandika mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa watu wote.

Labda siku moja mwalimu atawapeleka kuwatazama wapigaji hao. Mimi, mara ya kwanza, nilisikia kishindo tu, nikaziba masikio. Kosa lilikuwa langu: sikujua pa kutazama.

Basi, watoto, tazameni hivi. Watu huingia kwa mstari, kila mmoja na ngoma yake kichwani, na huku anaipiga. Ngoma hiyo si nyepesi! Ni gogo lililochimbwa ndani, limewambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Wakifika uwanjani huziweka chini kwa nusu duara, na moja mbele katikati. Zihesabuni. Ni karibu kumi na mbili, lakini hesabu yake haigawanyiki kwa mbili.

Ngoma ya katikati huitwa inkiranya. Hiyo ndiyo inayoamuru. Nyingine, amashakwe, hupiga pigo moja bila kukoma. Na nyingine tena, ibishikizo, huifuata inkiranya popote inapokwenda. Kila mpigaji, zamu yake ikifika, huja mbele, hucheza na kuruka juu sana. Watoto wote humtazama yule anayeruka. Ninyi tazameni pia mikono ya wenzake walio nyuma. Mmoja anatoka, mwingine anapokea, na pigo halikatiki hata kidogo. Katika sahani ya santuri hamtaona jambo hilo.

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na ufalme. Zamani zilipigwa kwa ajili ya mwami, na katika muganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Huko Gishora, karibu na Gitega, jamaa za walinzi walitunza ngoma kuu mbili, Ruciteme na Murimirwa. Mwaka 1966 ufalme ulikomeshwa. Ngoma zikabaki bila mwami. Kwa nini hazikunyamaza? Mapigo yake hayakutunzwa kwa kuandikwa kitabuni. Yalitunzwa na watoto waliokaa karibu na baba zao, wakitazama mikono na kusikiliza, mpaka wao wenyewe wakapewa vijiti viwili.

Mwisho wapigaji huziinua tena ngoma kichwani, wakatoka kwa mstari kama walivyoingia, wakipiga. Msisimame upesi kukimbilia njia. Kaeni, sikilizeni mpaka sauti ipotee.