Nani Anapima Maji ya Kua Usiku?

Kuta za magofu ya Kua, kisiwani Juani kule Mafia, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Yaani ni kaboni ya bahari iliyogeuka jiwe. Wengi wanapiga picha, basi. Mimi huangalia zaidi upande wa maji, maana huko hesabu ya kaboni bado inaendelea.

Bahari za dunia hunyonya karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa. Ikiyeyuka hufanya asidi, na tangu mapinduzi ya viwanda pH ya maji ya juu imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Usiidharau hiyo 0.1: kipimo cha pH ni cha logi, kwa hiyo asidi imeongezeka kwa karibu asilimia 30. Matumbawe yanapata taabu kujijenga.

Zamani kupima haya kulitaka meli, na meli ni ghali. Siku hizi kuna maboya ya Argo, karibu 4,000 duniani, yasiyo na nahodha. Boya huelea kwenye kina cha mita 1,000. Kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda huku likipima, na likifika juu hutuma takwimu kwa setilaiti. Ujanja wake ni mafuta: likiyasukuma kwenye mfuko wa nje hutanuka na kupanda, likiyarudisha ndani huzama. Baadhi yana vihisi vya pH, oksijeni na naitreti. Takwimu ni za bure, hata bumu likichelewa unazipata, bando tu.

Sasa, Kua boya hilo halifai. Maji ni ya kina kifupi, na kuna mikoko na majani ya bahari. Mchana majani hufanya usanisinuru, hunyonya hewa ukaa, pH inapanda. Usiku viumbe vyote vinapumua tu, pH inashuka. Maji yakipwa, yanayotoka kwenye mikoko huja na kaboni ya matope. Mtafiti akifika na boti saa sita mchana, akachota chupa moja akaondoka, atasema maji ni mazima kabisa.

Kinachotakiwa ni kihisi kinachofungwa chini na kupima kila nusu saa, miezi kadhaa. Kihisi hicho huota mwani na makombe, lazima mtu azamie kukisafisha na kuchota sampuli za kulinganisha. Kazi hiyo, kwa maoni yangu, wafundishwe na walipwe vijana wa Juani, si mgeni wa wiki mbili.