Uteuzi wa Mota za Hatua kwa Mashine za Karakana

Kitenzi 'kukereza' ni cha kale katika Kiswahili. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kabla mota ya umeme haijajulikana. Siku hizi mashine ya kukereza chuma, ambayo magurudumu yake huzungushwa kwa mkono, yaweza kutiwa mota na kuongozwa na tarakilishi. Makala haya yanadhamiria kueleza jambo ambalo aghalabu huwapotosha wanaoifanya kazi hiyo, nalo ni uteuzi wa mota yenyewe.

Mota ya hatua haizunguki mfululizo kama ya feni. Katika aina iliyoenea zaidi, rota ina meno 50, na kila mkondo wa umeme unapobadilishwa katika koili, rota husogea digrii 1.8 na kusimama. Hatua 200 hukamilisha mzunguko mmoja. Ikifungwa kwenye parafujo inayosogeza meza ya mashine milimita 5 kwa mzunguko, hatua moja ni milimita 0.025. Usahihi huo hupatikana bila kifaa chochote cha kuthibitisha meza imefika wapi. Hapo ndipo penye hatari: mota ikilemewa, hatua hupotea na tarakilishi isijue. Huendelea kuamuru kana kwamba hakuna kilichotokea, na kipande cha chuma kilichogharimu kazi ya siku nzima huharibika.

Kwa kuhofia hasara hiyo, mnunuzi hukimbilia mota yenye namba kubwa zaidi ya nguvu. Namba hiyo, hata hivyo, ni ya nguvu ya kushikilia, na mwanafunzi wa lugha hana budi kukizingatia kitenzi hicho. Kushikilia si kuzungusha. Kipimo huchukuliwa rota ikiwa imetulia. Kasi inapopanda, nguvu hupungua.

Sababu imo katika koili. Koili hupinga badiliko la mkondo, sifa ambayo wanafizikia huiita indaktansi. Tuseme meza yetu inatakiwa kwenda mita 3 kwa dakika. Mota itazunguka mara 600 kwa dakika, yaani hatua 2,000 kwa sekunde, na kila hatua ina nusu tu ya milisekunde. Mkondo usipowahi kujaa, nguvu haipatikani. Isitoshe, mota inayozunguka huzalisha volti zake zenyewe zinazoupinga mkondo uingiao. Dawa ni volti nyingi zaidi: si ajabu mota iliyoandikwa volti 3 kulishwa volti 48, mradi kiendeshi chake kinaudhibiti mkondo usizidi kiwango.

Mota kubwa nayo huwa na rota nzito na, mara nyingi, indaktansi kubwa; kwa volti zilezile yaweza kushindwa na ndogo yake pindi kasi inapopanda. Namba 23 na 34 za vipimo vya NEMA vya Marekani hazisaidii hapa, kwani hutaja upana wa uso wa mota tu: inchi 2.3 na 3.4. Mota ya nyaya nane ina nafuu, maana koili zake zikiunganishwa sambamba, indaktansi huwa robo ya ile ya kuunganishwa mfululizo, ingawa huhitaji mkondo mkubwa zaidi.

Muuzaji na aombwe grafu ya nguvu dhidi ya kasi, iliyopimwa kwa volti zitakazotumika. Isomwe kwenye mizunguko 600, wala si kwenye sufuri, na takriban nusu ya nguvu iachwe kuwa akiba ya pale kisu kinapokutana na chuma kigumu.