Kompyuta kwa Mfuko Mdogo: Somo Ambalo Tawi Letu Lililipia

Mwaka 2024 wanachama wa tawi letu, wakata miwa na watu wa kiwandani pamoja, walikubaliana katika mkutano kwamba tawi linunue kompyuta moja ya kupakata, ile ambayo vijana huiita laptopu. Hatukuitaka kwa anasa. Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumekaa mezani na mwajiri kuzungumzia malipo ya saa za ziada. Upande wake uliweka karatasi zilizopigwa chapa, kila jina na saa zake na fedha zake. Upande wetu tuliweka madaftari manne, mawili yamelowa mvua, na kurasa za miezi iliyogombaniwa hazikusomeka. Mwajiri hakuhitaji kusema mengi. Madai ya watu wa zamu ya usiku yaliahirishwa, na hata tulipoyakusanya upya, wenzetu kadhaa walikuwa wamekwisha kuacha kazi na kurudi makwao mikono mitupu.

Mimi ndiye mweka hazina wa tawi. Nilikabidhiwa fedha za wanachama, nikapanda basi kwenda Kampala, na nikarudi na kompyuta mbovu. Nayaandika haya ili matawi mengine, na kila mzazi anayejinyima ili mwanawe apate chombo cha masomo, wasiingie katika shimo nililoingia mimi.

TULIVYOKOSEA

Dukani nilivutwa na umbo. Ilikuwa nyembamba, inang'aa, na kijana muuzaji akaniambia, "Mzee, hii imetoka Ulaya, haina tatizo." Niliuliza bei tu. Sikuchomoa chaja, sikuuliza umri wake, na risiti niliyopewa iliandikwa "kompyuta 1" na kiasi cha fedha, basi.

Wiki ya kwanza tukagundua kwamba betri haifiki nusu saa. Wiki ya pili tukagundua kwamba ukifungua orodha ya michango pamoja na barua moja, mashine inakwama kama lori lililobeba miwa kupita kiasi. Katika wiki ya nne fundi wa mjini akaifuta ili aianzishe upya. Ilipounganishwa na intaneti, likatokea jina la kampuni moja ya nchi za nje, likidai anwani na neno la siri la mfanyakazi wake. Kampuni ile ilikuwa imeiuza au kuitupa bila kuiondoa katika orodha ya mashine zake, au pengine iliibiwa kwake, hatukujua. Fundi alisema wa kuifungua sawasawa ni kampuni ile yenyewe. Niliporudi dukani, jibu lilikuwa: "Uliondoka nayo ikiwa nzima."

Katika mkutano uliofuata nilisimama mbele ya wanachama na kueleza yote. Mama mmoja wa upande wa shamba aliniuliza, "Mwanangu, wewe panga hulinunua bila kupima makali yake?" Sikuwa na jibu. Tulikubaliana kwamba fedha zitafutwe tena, lakini safari hii tujifunze kwanza. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

KWANZA IJUE KAZI

Usianze na duka, anza na kazi. Andika kwenye karatasi kompyuta itafanya nini. Tawi huandika barua, huweka orodha ya michango na saa za kazi, huchapa taarifa. Mwanafunzi wa ualimu au uuguzi husoma vitabu, huandika kazi zake na kufuata masomo kwa intaneti. Kazi hizi hazihitaji mashine ya bei kubwa. Lakini mwanafunzi wa uchoraji wa majengo au utengenezaji wa filamu anahitaji mashine yenye nguvu zaidi. Yeye aulize chuo chake kwanza, maana chuo chaweza kudai programu ambayo mashine ndogo haiwezi kuibeba.

MPYA YA BEI YA CHINI AU MTUMBA WA OFISI?

Wengi wetu tunaamini kwamba kipya ni bora siku zote. Kwa kompyuta si hivyo. Mashine mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 iliyochomelewa ndani, isiyoweza kuongezwa, na ghala dogo la gigabaiti 64 ambalo hujaa upesi. Mwili wake ni wa plastiki nyepesi, na bawaba za kioo huachia mapema.

Kwa upande mwingine ziko mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Makampuni makubwa na idara za serikali za nchi za nje hubadilisha mashine hizi kila baada ya miaka michache, mara nyingi kwa sababu mkataba au dhamana yake imekwisha, si kwa sababu imeharibika. Ndizo hizo zinazofika madukani kwetu kama mtumba. Zimetengenezwa zivumilie kazi ya kila siku, vipuri vyake hupatikana, na nyingi hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Hata hivyo, baadhi ya zile nyembamba sana nazo zina kumbukumbu iliyochomelewa. Uliza kabla ya kulipa.

NAMBA TATU ZA KUZINGATIA

Namba ya kwanza ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Ifananishe na meza ya kazi: meza ikiwa ndogo, huwezi kutandaza karatasi nyingi kwa wakati mmoja. Gigabaiti 4 siku hizi ni meza ndogo mno. Tafuta 8. Ukikuta mashine nzuri yenye 4 ambayo yaweza kuongezwa, jumlisha bei ya kuongeza kabla hujaiita rahisi.

Ya pili ni diski, yaani ghala. Usitazame ukubwa peke yake, tazama na aina yake. Diski za zamani zina sahani inayozunguka ndani. Ni nzito kuamka, na ikianguka wakati inafanya kazi huweza kufa na kila kilichomo. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Mashine ileile iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuamka, ikiwekewa SSD huamka kwa muda mfupi. SSD ya gigabaiti 256 yatosha tawi au mwanafunzi. Ni heri hiyo kuliko diski ya zamani yenye ukubwa mara mbili.

Ya tatu ni umri wa prosesa, ambayo ndiyo injini. Muuzaji atakuambia "hii ni Core i5" kana kwamba neno hilo linatosha. Halitoshi, kwa sababu jina la i5 limetumika kwa miaka mingi. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. I5-8250U ni kizazi cha 8. I5-10210U ni kizazi cha 10. Kizazi cha 8 ni mpaka muhimu kwa sababu mbili. i5 nyingi za mashine za kupakata zilihama kutoka viini viwili kwenda viini vinne katika kizazi hicho, na pia ndicho kizazi ambacho Windows 11 inakikubali, kikiwa na vya baada yake, kwa prosesa nyingi za Intel. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ukiona mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zikiuzwa kwa bei ya kutupa, sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Je, mashine hizo ni takataka? Hapana. Zaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo hutolewa bure na huendelea kupata marekebisho ya usalama. Pamoja nazo hupatikana LibreOffice, programu ya kuandika na kupiga hesabu, nayo ni bure, na hufungua barua nyingi zilizoandikwa kwa Word. Kwa tawi lenye fedha kidogo kabisa, njia hii ni halali na inafaa, ili mradi yuko mwanachama au kijana wa karibu anayeijua.

MAMBO YA KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda asubuhi, ukiwa na muda wa kutosha, na ikiwezekana nendeni watu wawili.

1. Chomoa chaja. Iache mashine ifanye kazi kwa nusu saa ukiwa unajaribu mengine. Kisha mwambie muuzaji aandike amri powercfg /batteryreport. Itatoka taarifa yenye uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo ilionao sasa. Ikiwa ilianza na 50,000 na sasa ni 25,000, umebakiwa na nusu ya betri. Hiyo si sababu ya kuikataa, bali ni sababu ya kupunguziwa bei.

2. Mwambie aifute na kuianzisha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Bila intaneti kufuli ya kampuni haionekani, na ndivyo tulivyonaswa sisi. Likitokea jina la kampuni au shule, iache hapohapo.

3. Iwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, uingie katika mipangilio ya ndani. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache.

4. Usiamini kibandiko cha nje, maana kibandiko hubandikwa na mtu. Fungua mipangilio uone mwenyewe kumbukumbu ni ngapi na prosesa ni ipi.

5. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Fungua ukurasa mweupe utafute madoa kwenye kioo. Fungua na kufunga kioo polepole usikie bawaba. Jaribu kila tundu, sauti, kamera na intaneti isiyotumia waya.

6. Dai risiti yenye jina la mashine, namba yake ya pekee, kumbukumbu, diski, na siku ambazo unaruhusiwa kuirudisha. Muuzaji anayekataa kuandika hayo amekwisha kukujibu.

FEDHA ITOKE WAPI?

Hapa ndipo mfanyakazi huumizwa zaidi. Yako maduka yanayotoa kompyuta kwa malipo ya kila mwezi, na kiasi cha mwezi huonekana kidogo. Piga hesabu ya jumla. Tuseme mashine inauzwa shilingi 800,000 taslimu, na duka lakutaka ulipe 110,000 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla yake ni 1,320,000. Umelipa 520,000 zaidi ya bei.

Sasa tuseme umekopa zile 800,000 kutoka ushirika wenu wa kuweka na kukopa, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, na unarejesha mkopo kwa mafungu sawa kwa miezi 12. Riba yote itakuwa 52,000. Ni sehemu moja ya kumi ya ile ya dukani, na riba yenyewe inabaki katika ushirika wenu. Asiye mwanachama wa ushirika na atazame hesabu hii mara mbili.

Tena, usitumie fedha zote kwenye mashine. Bakiza za mfuko wa kuibebea, za kifaa cha kuikinga umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, na za flashi mbili. Kila Ijumaa nakili orodha zote kwenye flashi, moja ikae kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina. Daftari lililolowa mvua na kompyuta iliyoibiwa ni hasara ileile.

TULIPOFIKIA

Mwaka uliofuata nilirudi Kampala pamoja na binti wa mwanachama mmoja anayesoma chuo cha ufundi. Tulikataa mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa na kufuli, ya pili kibandiko chake kilisema 8 na ndani mlikuwa na 4, ya tatu muuzaji wake hakutaka kuandika risiti. Ya nne tuliinunua: ya ofisi, kizazi cha 8, kumbukumbu 8, SSD 256, kona moja imechubuka na betri imebaki na theluthi mbili. Bei yake ilikuwa chini ya ile mbovu niliyoinunua mara ya kwanza. Haing'ai, lakini inafanya kazi mpaka leo.

Saa za ziada za kila mwanachama sasa huandikwa kila juma, na kila mtu anaweza kuja kuona mstari wake na kuusahihisha. Tulipokaa tena na mwajiri tuliweka karatasi zetu kando ya zake, na palipotofautiana palijadiliwa palepale, mstari kwa mstari. Watu wa zamu ya usiku waliobaki kazini wamelipwa. Wale waliokwisha kuondoka bado hawajalipwa, lakini majina yao, saa zao na simu za jamaa zao yamo katika orodha, na tutayaweka mezani kila tunapokaa.

Ndugu wafanyakazi, fedha ya chama ni jasho la watu wengi. Yeyote anayetumwa kuitumia aende na karatasi ya maswali, asione haya kuuliza, na asiharakishwe na mtu. Muuzaji ana mashine nyingi za kuuza; sisi tuna fedha ya mashine moja tu.