Sura ya Chombo na Akili ya Mnunuzi

Atakaye kununua jahazi katika pwani ya Kilwa na Lindi hulakiwa kwanza na sura yake: tezi pana iliyopambwa, rangi mbichi, mlingoti ulionyooka. Moyo huridhika kabla mkono haujagusa ubao.

Jambo hili lina maelezo ya kisayansi. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionyesha kwamba ofisa aliyevutiwa na sifa moja ya askari humpa alama za juu hata kwa sifa nyingine. Tabia hiyo huwanufaisha pia wauza motokaa: mwaka 1927 kampuni ya General Motors ilimkabidhi Harley Earl idara maalumu ya umbo na rangi.

Lakini bahari haidanganyiki kwa rangi. Teredo, mnyama wa jamii ya chaza, huingia ubaoni angali mchanga kwa tundu dogo mno, kisha hukua ndani akichimba. Nje ubao huonekana mzima; ndani umekuwa sega. Ndiyo sababu chombo hupakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, sehemu izamayo majini.

Hata hivyo, umbo si pambo tupu. Tezi bapa ya jahazi huongeza nafasi ya shehena kuliko tezi ya dau iliyochongoka. Basi mnunuzi na aulize kila sifa ya nje ina kazi gani. Kisha, maji yakupwapo, agonge mbao na kukagua mkuku. Ukaguzi huo ndio uhai wa mabaharia.