Mabomba mawili nyuma, maswali matatu mpakani

Katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, soko la Kisekka jijini Kampala na mitaa ya Gerezani jijini Dar es Salaam, kuna bidhaa inayowavutia wateja kwa macho na masikio kabla hawajauliza bei: eksozi ya mabomba mawili. Mteja ana Subaru Impreza ya miaka ya 2000 iliyotoka kiwandani na bomba moja, upande mmoja wa bampa. Anataka mawili, moja kila upande, yang'ae na yangurume.

Mahitaji hayo hayakuanza jana. Ukanda huu umelelewa na Safari Rally. Colin McRae alishinda mashindano hayo mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa gari la aina hiyo hiyo. Mashindano yaliporejea kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, safari hii Naivasha, kizazi kipya kikapata sababu ya kuyapenda magari ya kasi. Magari yenyewe huja kwa meli kutoka Japan yakiwa yametumika, na bei yake humwezesha kijana mwenye kazi ya kawaida kuyafikia. Akishalinunua, hatua inayofuata mara nyingi ni kulibadilisha sauti na sura.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia. Seti ya mabomba ni nyepesi kuliko injini, hubebeka kwenye buti la basi, na hupatikana mji mmoja wakati inatafutwa mji mwingine. Lakini mzigo huu mdogo una maswali matatu ambayo anayeyapuuza huyalipia Namanga, Busia au Mutukula, au huyalipia baadaye mteja anaporudi dukani na hasira.

Kwanza, mabomba mawili hufanya nini?

Kabla ya kufika mpakani, tuelewane kuhusu bidhaa. Moshi hutoka kwenye injini, hupita kwenye manifoldi, kisha kwenye turbo kama ipo, kisha kwenye kichujio cha moshi chenye vitundu kama masega ya nyuki, halafu kwenye bomba refu linalopita chini ya gari, na mwisho kwenye sailensa inayopunguza kelele. Katika magari mengi ya silinda 4, njia yote hiyo ni bomba moja. Fundi anapoweka mabomba mawili, huligawa bomba hilo karibu na ekseli ya nyuma na kutoa midomo miwili.

Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kumwaga baharini, lakini maji ni yale yale yaliyotoka juu. Moshi nao ni hivyo. Kama njia imebana kwenye kichujio au kwenye bomba la kati, kuigawa mwishoni hakuifungui. Hesabu ni rahisi: mabomba mawili ya inchi 2 kila moja yana nafasi ya kupitisha moshi sawa na bomba moja la karibu inchi 2.8. Kwa hiyo bomba moja pana, lililokunjwa bila kubonyea kwenye kona, linaweza kufanya kazi ile ile kwa uzito mdogo.

Hali ni tofauti kwa injini ya V6. Kwa mfano, Toyota Mark X ina safu mbili za silinda, kila safu na manifoldi yake, na gari hilo hutoka kiwandani likiwa na midomo miwili nyuma. Hapo mabomba mawili yana asili yake kwenye injini.

Na ule mngurumo wa Subaru ambao wateja huuita sauti ya mabomba mawili? Chanzo chake kiko mbele. Katika injini za zamani za turbo za Subaru, mabomba ya manifoldi hayalingani urefu, hivyo milipuko ya silinda hufika kwenye turbo kwa mapigo yasiyo sawa. Mtu anaweza kuweka midomo minne nyuma ya gari la aina nyingine na asiipate sauti hiyo. Debe tupu haliachi kuvuma, ila kila debe huvuma kwa sauti yake.

Maana yake kibiashara ni hii: ukimuuzia mwenye gari la silinda 4 mabomba mawili kwa ahadi ya nguvu za ziada, umemuuzia kitu ambacho hakimo kwenye boksi. Muuzie sura na sauti kwa majina yake. Atafurahi, na hatarudi kudai.

Swali la kwanza: limetengenezwa wapi?

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaujua Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, bidhaa iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa hupewa Cheti Rahisi cha Uasili hapo hapo mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Kosa linalojirudia ni kudhani kwamba thamani ndogo peke yake inatosha. Haitoshi. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Arusha ananunua Nairobi seti ya dola 400 iliyotengenezwa Japan. Mwenye duka anamhakikishia kwamba ushuru ulishalipwa bandarini Mombasa, na anampa risiti. Risiti hiyo ni muhimu, lakini kulipiwa ushuru Kenya hakuifanyi seti ya Japan kuwa bidhaa ya Kenya. Ikivuka Namanga, forodha ya Tanzania ina haki ya kuihesabu kama bidhaa kutoka nje ya Jumuiya. Kuipaka rangi, kuifunga upya kwenye boksi au kuunganisha vipande viwili kwa bolti pia hakubadilishi asili yake.

Hali inaweza kuwa tofauti kwa eksozi iliyokunjwa na kuchomelewa na kiwanda au karakana ya Nairobi, Kampala au Mwanza. Hiyo ina nafasi ya kutambuliwa kama bidhaa ya Jumuiya, mradi itimize kanuni za uasili na muuzaji awe na karatasi za kuonyesha kazi iliyofanyika. Omba karatasi hizo dukani, si ukiwa kwenye foleni.

Kumbuka pia kwamba cheti cha uasili huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine za nchi unayoingia hubaki pale pale. Na kama unaagiza kutoka Japan au Dubai kwa ajili ya mteja wa nchi jirani, mwambie wakala wako aandike nchi ya mwisho tangu bandarini, kupitia mfumo wa Himaya Moja ya Forodha. Ni nafuu kuliko kulipa mara mbili na kuanza kufuatilia marejesho.

Jambo jingine ni namba za ushuru. Sailensa na mabomba ya moshi yako chini ya namba 8708.92. Kichujio cha moshi kina namba yake, 8421.32, tangu orodha ya kimataifa ya mwaka 2022 ianze kutumika. Seti yenye vitu vyote viwili ikiandikwa kwa neno moja la "vipuri", unamwachia ofisa wa forodha akuamulie.

Swali la pili: kichujio kiko wapi?

Seti nyingi zinazouzwa kama za mbio hazina kichujio. Fundi hukata cha zamani, huweka bomba tupu, na gari hulia zaidi. Kichujio hicho ndicho kinachogeuza kaboni monoksidi, mabaki ya mafuta na gesi za nitrojeni kuwa kaboni dioksidi, maji na nitrojeni. Nchi za ukanda huu zimeliandalia mazingira kwa muda mrefu: petroli yenye risasi, inayoharibu vichujio, iliondolewa kufikia 2006, na mwaka 2015 Jumuiya ikaanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kukikata ni kurudi nyuma hatua zote hizo kwa msumeno mmoja.

Gari lenyewe hulalamika. Baada ya kichujio kuna sensa ya oksijeni inayopima kama kinafanya kazi. Kikiondolewa, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na mashine ya kupimia husoma namba P0420. Mteja aliyepewa gari lenye taa inayowaka haulizi kuhusu sensa. Anauliza kwa nini gari lake limeharibiwa.

Kuna na sheria. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, Tanzania ina za mwaka 2015, na Uganda imekuwa nazo tangu 2003. Rwanda magari hukaguliwa kwenye kituo maalumu cha polisi. Gari linaloweza kupita mtaani kwenu bila kusumbuliwa linaweza kusimamishwa kilomita chache baada ya kuvuka. Anayeuza mzigo upande wa pili wa mpaka lazima ajue mteja wake ataendeshea wapi.

Kichujio kilichokatwa nacho kina thamani. Ndani yake mna madini ya platini, paladi na rodi, ndiyo maana huibwa na ndiyo maana fundi mjanja hujitolea kukitupa bure. Mwenye gari asikubali, kipande hicho ni mali yake. Na wewe unayeletewa gunia la vichujio vilivyotumika uvushe, uliza vimetoka wapi. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni, na asiyeweza kueleza mzigo wake huonekana kama mpokeaji wa mali ya wizi.

Swali la tatu: gari gani, na usukani uko upande gani?

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Jambo hili dogo huharibu mizigo mingi. Sehemu ya nyuma ya eksozi kwa kawaida haijali usukani uko wapi, lakini manifoldi na bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo hupita karibu na nguzo ya usukani. Vipuri vilivyotumika kutoka Dubai na Sharjah hutolewa zaidi kwenye magari ya usukani wa kushoto, kwa kuwa Umoja wa Falme za Kiarabu huendesha kulia. Bomba la mbele lililotoka huko linaweza kugoma kukaa kwenye Impreza ya Kampala, lakini likakaa vizuri kwenye gari la Bujumbura.

Usiagize kwa jina la gari tu. Chukua namba ya chesisi, mwaka, aina ya injini na upande wa usukani. Impreza zenye jina moja zimepita vizazi kadhaa, na bampa la kizazi kimoja lina nafasi ya mdomo mmoja wakati la kingine lina nafasi ya midomo minne.

Kabla ya kulipa

Beba sumaku. Chuma cha pua cha daraja la 304, kinachostahimili kutu zaidi, kwa kawaida hakishikwi na sumaku, daraja la 409 hushikwa. Yote mawili huuzwa kwa jina la "stenlesi", lakini bei haipaswi kuwa moja. Kwa wateja wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa ya chumvi hula chuma haraka, tofauti hiyo ni ya miaka.

Kutu haitoki nje peke yake. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji, na gari linalotembea safari fupi za mjini halipati joto la kuyakausha yote. Bomba likigawanywa mara mbili, kila upande hupata nusu ya joto, na maji hukaa zaidi. Sailensa isiyo na kitundu kidogo cha kutolea maji chini yake huoza kuanzia ndani.

Angalia mishono ya kuchomelea kwa mwanga wa tochi. Tundu dogo kabla ya mwisho wa bomba linaweza kuingiza kaboni monoksidi ndani ya gari, gesi isiyo na rangi wala harufu, na abiria waliolala safarini hawatajua kinachowapata. Hakikisha raba za kuning'inizia zipo kamili na kwamba bomba jipya la upande wa pili halitapita karibu na tangi la mafuta au paipu za breki. Mwambie mteja pia alipime gari kwenye tuta la barabarani likiwa limebeba watu wanne, kwa sababu bomba linalokaa vizuri gereji laweza kung'olewa na tuta la kwanza.

Mzigo wenye majibu kamili huuzika kwa bei nzuri zaidi. Muuzaji anayeweza kusema eksozi yake imetengenezwa wapi, ina kichujio au haina, na inaingia gari lipi, anauza kitu ambacho duka la jirani halina. Kwenye soko ambalo kila boksi limeandikwa "halisi", majibu hayo matatu ndiyo yatakayomrudisha mteja kwako na kumfanya amtume rafiki yake.