Teke Moja, Hukumu Mbili

Tarehe 7 Agosti 2021, kwenye fainali ya karate ya uzito wa juu katika Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 alipomtandika Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa. Muirani akalala chini, akatolewa kwa machela. Alipozinduka akaambiwa dhahabu ni yake: Hamedi ameondolewa kwa kuzidisha nguvu.

Msimulie kisa hicho shabiki wa ngumi wa Temeke, atadhani unamtania. Kwenye ulingo wa kickboxing teke lile lingemaliza kazi. Mwamuzi angehesabu hadi 10 na kumwinua mkono aliyepiga.

Karate ya mashindano, kwa kanuni za shirikisho la dunia, WKF, hupima namna mtu anavyojizuia. Ngumi safi ni pointi 1, teke la mwili 2, la kichwa 3, mradi lisiumize. Ukimzidi mwenzako kwa pointi 8 umeshinda, hata kama dakika 3 hazijaisha. Kila pointi ikipatikana pambano husimamishwa, mkaanza upya. Anayejifanya kaumia huadhibiwa, na ni haki yake.

Kickboxing ya ulingoni haina mapumziko hayo. Kwa ridhaa ni raundi 3 za dakika 2, na mkarateka aliyezoea kupiga kisha kuruka nyuma hujikuta anafuatwa hadi kwenye kamba. Halafu kuna paja. WKF inakataza kulipiga. Kwenye kickboxing za aina ya low kick na K-1 ndilo shabaha, na asiyejua kulikinga huanza kuchechemea mapema. Si kwamba dojoni teke la paja halifundishwi. Goju-ryu, mtindo wa karate ambao Mmarekani Nantambu Camara Bomani aliupanda Dar es Salaam mwaka 1973 katika dojo la Zanaki, una mateke ya chini tele. Mashindano ndiyo yaliyoyaweka kando.

Aina nyingine ya kickboxing, full contact, huruhusu mateke ya juu ya kiuno tu, na ipo kickboxing ya pointi, isiyopiganwa ulingoni, inayokaribiana sana na karate. Kwa hiyo, mwalimu wa Kinondoni au Temeke, ukiletewa pambano la kijana wako, usitosheke na jina la mchezo. Muulize promota ni kanuni zipi, naye azionyeshe kwa maandishi kabla hamjasaini.