Mabiringanya ya Kujaza na Kiswahili cha Jikoni

Makala haya yananuia kueleza upishi wa mchuzi wa mabiringanya ya kujaza, ambao Wagujarati huuita ravaiya, kama unavyoweza kupikwa katika chumba cha mwanafunzi wa Nairobi chenye jiko moja la gesi. Fauka ya hayo, yana dai. Katika kumbi zetu za mihadhara "Kiswahili cha jikoni" ni tusi, nalo hutajwa sambamba na Kisetla, kile Kiswahili cha kuamrisha ambacho walowezi waliwasemea watumishi wao. Hata hivyo, mwenye kuupika mchuzi huu atagundua kwamba jikoni ndimo ulimohifadhiwa msamiati ambao wengi wetu tunaosomea lugha hii hatunao.

Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Walio wengi walirejea kwao. Wafanyabiashara waliokuja sambamba nao na baada yao, wengi wakiwa Wagujarati, ndio waliofungua maduka katikati ya jiji, katika mtaa ulioitwa Bazaar Street ambao leo ni Biashara Street. Makazi yao yalienea hadi Ngara, Parklands na Westlands. Katika nyumba hizo wapishi Waafrika walifundishwa vyakula vya Kihindi, na lugha ya mafunzo hayo aghalabu ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hicho wasomi hukicheka kwa upatanisho wake wa ngeli. Mimi nakistahi, kwa kuwa kilifanya kazi: mabiringanya yaliiva.

Neno biringanya lenyewe ni jamaa ya bādingān ya Kiajemi, bādhinjān ya Kiarabu na beringela ya Kireno. Kwa mchuzi huu yanahitajika mabiringanya madogo ya mviringo, ya ukubwa wa yai la kuku. Wakulima wa Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, huyakuza kwa ajili ya soko la Uingereza, na wauzaji wa nje huyaita ravaya. Yaani jina la chakula limegeuka kuwa jina la tunda. Hapa jijini yatafute katika soko la City Park, kando ya Barabara ya Limuru. Sokoni Kangemi aghalabu utapata yale makubwa. Hayo nayo yatafaa ukiyakata vipande vinene na kuvipasua kati.

Sasa tuingie katika viungo, na hapa ndipo penye utajiri. Dania ya Nairobi ni jani na ni mbegu pia. Pwani, jani huitwa kotmiri, neno lililotoka Kigujarati, na mbegu huitwa giligilani. Bizari nyembamba, Zanzibar ni uzile. Kuna bizari ya manjano, kuna haradali, kuna uwatu. Maneno haya yote yamo katika Kiswahili, lakini mwanafunzi wa Nairobi hununua pakiti moja ya unga uliochanganywa, yenye maandishi ya Kiingereza, kisha hudai kwamba Kiswahili hakina istilahi za mapishi! Unga wa dengu pia una mtego wake: ni ule wa kupikia bajia, wala hautokani na ndengu za kijani ambazo Mombasa huitwa pojo.

Mvuje unastahili aya yake. Ni utomvu uliokauka wa mmea unaokua Uajemi na Afghanistan. Pwani, wengi huujua kama kinga ya watoto wachanga dhidi ya mashetani kuliko kama kiungo cha chakula, na anayeunusa ukiwa mbichi ataelewa kwa nini shetani akimbie. Ukitiwa katika mafuta ya moto, harufu hiyo kali hulainika na kukaribia ya kitunguu. Ndiyo sababu unathaminiwa na Wajaini na wafuasi wa Swaminarayan, ambao hawali kitunguu wala saumu.

Kwa watu watatu, chukua mabiringanya 8. Yapasue kwa alama ya msalaba kutoka chini kuelekea kwenye kikonyo, lakini usifike mwisho. Kikonyo ndicho kitakachoyashikilia. Yaloweke katika maji ya chumvi yasije yakageuka rangi. Kaanga vijiko 3 vya unga wa dengu bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka unukie. Ukiupuuza hatua hii mchuzi utabaki na ladha ya ubichi. Changanya na nusu kikombe cha njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko 2 vidogo vya giligilani ya unga, kimoja cha bizari nyembamba, nusu ya manjano, pilipili, tangawizi iliyopondwa, chumvi, kipande cha sukari guru, maji kidogo ya ukwaju na kotmiri iliyokatwakatwa. Tia mafuta kiasi cha kuushikanisha mchanganyiko. Yakamue mabiringanya maji, uyashindilie mchanganyiko huo, na ubakize kidogo.

Chemsha vijiko 3 vya mafuta katika sufuria pana. Tia haradali, ufunike, usubiri ipasuke. Ndipo utie mvuje kiasi cha ncha ya kisu. Wagujarati wana neno la tendo hili, vaghar. Baadhi ya wenzangu hupendekeza kuunga, lakini kuunga kwetu ni kukoleza mchuzi, kwa nazi mathalan, ilhali hapa mafuta hutiwa harufu kabla ya kingine chochote. Naona afadhali tulikubali vagari, kama tulivyokwisha kuzikubali bajia na achari.

Panga mabiringanya, yageuze taratibu kwa dakika 5. Nyama ya biringanya ina vishimo vingi vya hewa kama sifongo, hivyo itafyonza mafuta yote, usishawishike kuongeza. Mchanganyiko uliobaki ukoroge katika kikombe kimoja cha maji, umimine, ufunike na upunguze moto. Baada ya dakika 20 hivi, choma biringanya karibu na kikonyo: kisu kikipenya bila ukinzani, epua. Huliwa kwa chapati. Nimeujaribu kwa ugali pia, na sioni sababu ya Parklands kunikataza.